Machozi ya Amri

9 Novemba 1974

Amisa, mke wangu, amechoka kunisikiliza. Leo mbele ya bukari, ugali wetu, ameniambia, "Swedi, maneno yako ya leo yote uandike, mi nitasoma mwaka kesho." Amisa hajui kusoma, kwa hiyo hapo alinikata vizuri. Basi naandika. Kiswahili changu cha kalamu nilikipata Ujiji, nilipokaa kwa mwalimu mmoja nikibeba mizigo mchana na kusoma Kurani jioni. Shule ya hapa kwetu niliiacha darasa la tano, mwalimu aliponiambia hana tena la kunifundisha. Hakusema kwa furaha, lakini alisema. Cha mdomo changu ni Kiswahili cha Kolwezi, hicho kila mtu anakijua.

Mimi ni Swedi Bilali, mwenye kamyo, lori, ya bluu. Nimefika Ndola, nimefika Kigoma, nimefika Lobito mpaka treni ikakosa njia ya kuendelea. Kitu kimoja nakijua kuliko daktari wa hospitali, nacho ni mtu. Mtu anayemfokea askari wa barabarani kwa sauti kubwa, nyumbani anamwogopa mkewe. Anayesema "mi siko na haraka" ndiye atakayepiga honi yangu kabla sijamaliza chai. Anayepunguza bei mara ya tatu ameshanunua moyoni, anataka kubembelezwa tu. Tangu uhuru napakia makaa, mahindi na watu kati ya Mutshatsha, Kolwezi na Lubudi, na sura zao nazisoma kwenye kioo kabla hawajakaa.

Leo mvua kubwa ya kwanza. Jirani yetu Kisimba, anayefanya kazi shimoni, kwenye mgodi wa shaba, alikuja kuazima ngazi yangu, maana paa lake linavuja juu ya kitanda chenyewe. Mkewe Godelieve, ambaye kwenye karatasi, tangu serikali ikataze majina ya Kizungu, ni Citoyenne Mbayo, alimsindikiza kwa sauti tangu ng'ambo ya ua: "Leo, Kisimba. Nasema leo." Kisimba akavuta sikio lake la kushoto. Hiyo ni sura yake ya kudanganya, akivuta sikio hilo ujue hakuna kitu. Akakohoa mara mbili, akamjibu, "Kesho, chérie. Kesho ya kweli." Akanywa chai yangu, akaenda zake, akaniachia ngazi yangu.

11 Novemba

Mvua. Kisimba bado kesho.

13 Novemba

Kisimba amekufa. Mvua ililegeza ukingo wa shimo na asubuhi jiwe likateleza. Ngazi ingali uani kwangu, imeegemea ukuta.

16 Novemba

Tumemzika leo. Niandike vizuri, kwa sababu nilifanya kazi kubwa.

Watu wa kwao Kisimba ni Waluba wa kaskazini, na sisi wa Kasongo ni watani wao. Wazee wetu walipigana zamani mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba watoto wao watapigana kwa mdomo tu. Kwa hiyo mtu wao akifa, mimi naruhusiwa. Naweza kulala njiani mbele ya jeneza mpaka nipewe kuku. Naweza kumwiga marehemu, kumuuliza mama yake kwa nini alizaa mvivu asiyeamka hata siku ya safari. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Na sheria ina upande wa pili: neno la mtani linazikwa pale pale pamoja na mwili. Halitoki kilioni.

Nililala njiani, nikapewa kuku wawili. Nikamwiga Kisimba akivuta sikio, na watu waliokuwa wamejikunyata kama mbuzi wa mvua wakaanza kucheka, na waliocheka wakaweza kulia vizuri zaidi. Ndiyo kazi yetu. Sijaona mtani kama mimi kutoka hapa mpaka Kalemie.

Mmoja tu hakucheka wala hakulia. Godelieve alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, anaangalia mbele kama mtu anayengoja zamu yake kwenye dirisha la posta. Mama Nkulu, mama wa Kisimba, aliyefika kwa treni kutoka Kamina, alikuwa anajigaragaza. Kalombo, kaka mkubwa wa marehemu, karani, aliuma midomo. Na kila aliyeingia alitupa jicho kwa mjane kwanza, kwa jeneza baadaye.

Nami nikaona wote wanaangalia pale, nikaenda pale. Nikakinga mikono miwili chini ya kidevu cha Godelieve kama mtu anayekinga maji ya bomba. Nikangoja. Nikaigeuza mikono: mikavu. Nikasema, "Mweye bote, muangalie. Kisima ya Kisimba imekauka. Huyu mama alilia juma ingine, akamaliza mbele."

Yaani alimaliza machozi kabla ya msiba. Watu walicheka mpaka Mama Nkulu akacheka. Nilijisikia mkubwa.

Naandika tena hapa, kwa siri, kwamba moyoni niliona kweli ana moyo mgumu. Sura naijua.

2 Desemba

Mutshatsha. Makaa yameloa, matope mpaka magotini. Abiria wote waliimba njia nzima. Watu wakiogopa wanaimba.

8 Desemba

Jumapili. Kalombo amewakusanya watu wa ukoo uani kwa marehemu, tukiwa na majirani. Alisema kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili, kama tangazo la stesheni.

"Kilio tutakimaliza kumi na tano ya mwezi wa tatu. Ile siku mama Mbayo atalia bwana yake mbele ya famille yote. Kama hakulia, tutajua ni nini ilimuua ndugu yangu. Nyumba itabakia kwetu, batoto babili batabakia kwetu, naye atarudi kwabo na nguo yake."

Godelieve alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Nimesikia, tata Kalombo," alisema, akaendelea kupepeta.

Njiani kurudi nilimwambia Amisa, "Huyu mama ni jiwe." Amisa akanijibu, "Na weye ni kinanda." Akatangulia mbele.

9 Desemba

Lundi. Kila lundi, yaani Jumatatu, lazima kucheza. Makarani, wauguzi, walimu, wote wanasimama uwanjani asubuhi kuimbia chama, na meno yaonekane. Kikundi cha mtaa wetu kinaongozwa na Godelieve tangu mwaka jana, kwa sababu ana kiuno na sauti. Leo walimwita arudi. Walimwambia kilio chake ni chake, lakini mgeni anakuja kutoka Lubumbashi.

Alicheza. Alicheka meno yote, kama vile anavyotakiwa. Nilikuwa napita na kamyo, nikaona kila kitu: mdomo unacheka, macho yako mahali pengine kabisa, kama taa ya dukani imewashwa na mwenye duka hayumo.

Jioni Kalombo alikuwa anazunguka kwa majirani. "Kucheka kwa amri anajua. Kulia anashindwa?"

25 Desemba

Jana Idi yetu ya kuchinja, leo Noeli yao, na mwaka huu serikali imeifanya Noeli siku ya kazi, kwa hiyo mtaa mzima hauna hakika kama ufurahi au uende zamu.

Nilimpelekea Godelieve paja la mbuzi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuta sufuria katikati ya kitanda, na tone linaanguka ndani yake, to, to, to. Kitanda hakijasogezwa hata kidogo. Watoto wanalala upande wa ukuta, yeye upande wa mlango, na sufuria inalala katikati, pale alipokuwa analala Kisimba.

Nikamwambia, "Mama, mi niko na ngazi. Ni misumari tu na lami kidogo. Mi nilipigaka paa ya musikiti ya Kasongo." Sikupiga paa la msikiti wa Kasongo, nilishika ngazi.

"Ngazi yako ikae kwako," alinijibu. "Yeye njo alisema atapanda."

"Yeye nani?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto wa mwenzake, akachukua paja la mbuzi, akanishukuru.

7 Januari 1975

Mvua siku tatu. Taa ya mbele ya kamyo imekufa.

19 Januari

Leo nimegombana, na nimeshindwa, na sijazoea.

Nilikuwa kwa muuza mafuta, nikamsikia Kalombo anawaeleza wanaume wawili wa ukoo wao. "Hata mtani alisema. Swedi mwenyewe, mbele ya batu bote: alilia juma ingine, akamaliza mbele. Mutu analia namna gani mbele ya kifo, kama hakujua kama kifo iko nakuya?"

Damu ilinipanda. Nikasimama mbele yake. "Tata Kalombo, ile ni neno ya mtani. Neno ya mtani inabakia ku kaburi. Sheria unaijua kuliko mi."

"Naijua. Sasa nakuuliza, ulikuwa nadanganya?"

"Nilikuwa nacheza."

"Ulicheza juu uliona kitu. Weye ni mutu wa kuona batu, si ulisemaka vile? Ku Lobito, ku Ndola?"

Wale wawili waliniangalia kwa heshima. Hapo ndipo niliposhindwa. Mwaka mzima nawaambia watu kwamba nasoma sura, hakuna aliyeniamini hata siku moja. Siku niliyotaka nisiaminiwe, wameniamini wote. Neno langu lilikuwa dogo tu, lakini lilikuwa tayari limepikwa, na mtu mwenye njaa ya kumpata mwenye kosa haulizi nani alipika.

Nikawaambia, "Basi mi nasema sasa bila kucheza: huyu mama hakufanya kitu."

Kalombo akatabasamu. "Sasa njo unacheza," alisema.

20 Januari

Sikula. Amisa ameacha sahani mbele yangu, hakusema kitu. Hiyo kwake ni hotuba.

4 Februari

Lubudi. Nimenunua gunia dogo la vitunguu. Nina mpango. Akili hii ingekuwa ya Mzungu angelipwa.

6 Februari

Mpango umekufa. Naandika wote kama ulivyokwenda.

Nilikwenda kwa Godelieve na vitunguu vyangu. Nikamweleza polepole: siku ya kumaliza kilio, unafunga kipande cha kitunguu kwenye pindo la kitambaa, unajifuta uso, machozi yanatoka kama ya mtu mwingine yeyote. Hakuna anayeweza kutofautisha. Nyumba inabaki, watoto wanabaki, Kalombo anafunga mdomo. Mimi nimeona wanawake wa Kigoma wakifanya hivyo na waume wao wakazikwa kwa heshima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nje mvua, ndani to, to, to.

"Tata Swedi, ku kikundi kila lundi banasema 'cheka', nacheka. Ile ni meno tu, bachukue. Sasa Kalombo anasema 'lia'. Na weye unaleta bitunguu. Mi nikuulize, bwana yangu naye ni wa chama?"

"Mama, nataka ubakie na batoto."

"Najua. Uko na roho muzuri, na kinywa mubaya." Hilo la kinywa lilinipata pale pale lilipolengwa. Amelijua neno langu tangu zamani na hakuwahi kunirudishia. "Unasema unajua batu. Unaweza kulia mutu mwenye uko nagombana naye?"

"Amekufa, mama."

"Amekufa, ndiyo. Lakini kugombana haikwishe. Ile asubuhi alisema 'bakia muzuri', mi niliangalia ukuta. Sikumujibu. Niliwaza, akirudi ku kazi nitamuambia yote mara moja, mpaka apande. Nilipanga maneno yote, nilikuwa namungojea na yote. Hakurudi." Akagusa shingo yake, hapa chini ya koo. "Iko hapa, haina mutu wa kumuambia. Usiku naisikia ile sufuria. Kesho, kesho, kesho. Unataka nilie? Mi ningali na kasirani."

Nikaviacha vitunguu pale, nikaaga.

Nilikuwa nimeisoma sura hiyo miezi mitatu. Mgongo ulionyooka, macho yaliyotazama mbele: nikaandika humu ni jiwe. Kumbe ni sura ya mwanamke anayemngoja mume aliyechelewa, amesimama mlangoni na maneno yake. Kila mwanamume wa Kolwezi ameikuta sura hiyo mlangoni kwake, na mimi zaidi ya wengi. Ilikuwa mbele ya macho yangu, kwa sababu tu ilikuwa kilioni sikuijua.

Jioni alituletea sombe, majani ya muhogo, imekaangwa na vitunguu vyangu. Ilikuwa tamu sana. Amisa aliuliza vitunguu vizuri namna hii vimetoka wapi. Nikasema Lubudi.

18 Februari

Amisa ameniambia jambo wakati ananifungua kiatu, maana mgongo wangu leo umekataa kuinama. "Unajua nani alimutafutia Kisimba kazi mu shimo? Kalombo. Kisimba alitaka kuuza samaki. Kalombo alimuambia, kazi ya shimo njo ya mwanaume, akaenda kumusemea kwa chef wa kazi."

Nimekaa nayo. Nilidhani Kalombo anataka nyumba. Nyumba yenyewe inavuja. Sasa naona mtu anayetafuta mahali pa kuweka hasira ambayo, akiiacha, itarudi kwake nyumbani. Jiwe halina uso wa kulifokea. Mjane ana uso.

Lakini kumhurumia si kumwachia njia. Nimesema hivyo kwa sauti kubwa ndani ya kamyo, peke yangu, abiria wa makaa hawajibu.

3 Machi

Mahindi yamekomaa. Mvua haitaki kuisha.

11 Machi

Nimekwenda kwa Mama Nkulu, aliyebaki kwa Kalombo tangu mazishi, kumwomba kofia ya kazi, buti na koti la Kisimba. Ni haki ya mtani siku ya mwisho kuvaa nguo za marehemu. Alinipa bila kuuliza. Koti bado lina harufu ya tumbaku yake. Alilishika upande mmoja kwa muda mrefu wakati mimi nimeshika wa pili.

15 Machi

Leo lazima niandike mpaka mwisho, hata wino ukinishinda.

Uwanja ulijaa. Munkoyo, togwa yetu, kwenye ndoo, bukari ya kulisha kambi nzima. Katekista alisali. Godelieve alikaa katikati, kwenye mkeka, nguo nyeusi, mgongo vile vile. Watoto wake wawili Kalombo alikuwa amewakalisha upande wa ukoo, nguo zao zimefungwa kwenye furushi la kitambaa tayari. Nilipoliona furushi hilo nilitaka kusahau utani na kupigana kweli.

Kalombo alisimama, abakosti yake, ile suti ya chama, imenyooka. "Mama Mbayo. Famille inangojea."

"Inangojea nini, tata Kalombo?"

"Unajua."

"Kama ni kucheza, muniite lundi," alisema Godelieve. Sauti haikutetemeka. "Kama ni kulia, hakuna mutu ataniamuru. Hata weye. Hata chama."

Watu waliguna. Mmoja alitazama nyuma kuona nani amesikia. Kalombo akafungua mdomo kutoa hukumu, na hapo mimi nikaingia.

Niliingia na kofia, buti, koti la Kisimba, na ngazi yangu begani. Nikakohoa mara mbili. Nikasimama, nikavuta sikio la kushoto.

Sijui kuelezea kelele iliyotoka. Ilikuwa kicheko, lakini cha watu waliostuka kwanza. Mama Nkulu alishika kifua.

"Nani anakulaka bukari yangu bila kuniita?" nilisema kwa sauti ya Kisimba, ile ya puani. Nikamgeukia Kalombo, nikamwita yaya, kaka mkubwa. "Yaya, hii abakosti ni yako ao ni ya kuazima?" Watu wakacheka. Nikamgeukia mama. "Mama, uliniambiaka nitakufa na uvivu. Ona, nilikufa na kazi. Ulikosa." Hapo walicheka na kulia kwa pamoja, na Mama Nkulu naye.

Kisha nikaenda ukutani, nikaegemeza ngazi. Nikaweka mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza. Nikatazama juu, paani. Nikatazama mawingu. Nikautoa mguu. Nikamgeukia Godelieve, nikavuta sikio.

"Kesho, chérie," nikasema. "Kesho ya kweli."

Godelieve alisimama. Alitembea polepole juu ya mkeka, akanishika sikio, lile lile la kushoto, akanivuta kama anavyovutwa mbuzi wa watu.

"Kesho gani?" alisema. "Nakuuliza, Kisimba, kesho gani? Batoto banalala ku maji. Mvua ya kwanza nilikuambia, mvua ya pili nilikuambia. Ngazi ya tata Swedi iko pale, hatua kumi, unakwenda kukunywa chai yake, unaiacha ngazi. Nilikuambia usiende ku shimo na mvua, ukasema ni kesho utaomba congé, ubakie ku nyumba. Ulienda bila mi kukujibu. Juu ya nini hukurudi nikujibu? Mi nilikuwa na jibu. Mi nilikuwa hapa na jibu yako, siku ile, na siku ingine, na siku ingine. Unaniacha na sufuria. Unaniacha na batu bananiangalia macho kama banaangalia bomba. Weye mutu wa bongo, mutu wa kudanganya. Weye mutu wa kesho. Panda. Nasema panda leo."

Sikio liliniuma kweli. Nilipanda kipandio cha kwanza, si kwa mchezo. Ningekuwa mimi ni Kisimba ningefika mawinguni.

Kalombo alisema, "Hii haiko kilio. Hakuna hata chozi moya, bote banaona..."

"Nyamaza, Kalombo," alisema Mama Nkulu. Hakupaza sauti. "Bibi iko nasema na bwana yake." Kisha akamwambia Godelieve, "Mwambie, mwanangu. Mi nilianza kumwambia tangu iko na meno ya kwanza. Hakusikiaka hata siku moja. Mwambie na yangu."

Na Godelieve akamwambia na ya Mama Nkulu.

Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyetoka kisimani na ndoo mbili. Macho makavu. Mama Nkulu aliinuka kwa kushika bega la mjukuu, akaenda kwenye lile furushi la nguo za watoto, akalifungua fundo mbele ya wote.

"Mwenye ameua mutu hamungojei apande juu ya nyumba," alisema. "Huyu alikuwa anamungojea. Batoto barudi kwa mama yabo. Kilio imekwisha. Mukule."

Mimi nilikuwa bado ngazini. Nikavua kofia, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Na lile neno langu la kisima, kama halikuzikwa siku ile, linazikwa leo. Mwenye atalifukua, mahindi yake yataoza ku Mutshatsha, kamyo yangu haitamujua."

Halafu, kwa sababu nilikuwa tayari juu na kwa sababu sikio lilikuwa bado linawaka, nikaendelea kupanda. Godelieve alishika ngazi. Amisa alileta misumari na lami kutoka kwangu; nilipiga nikiwa na buti za marehemu miguuni, namba mbili kubwa kuliko mguu wangu, na yeye kutoka chini: "Siyo pale. Kushoto. Kushoto yako, tata Swedi, haujui kushoto?" Nilipaka lami. Nilijipaka na mimi. Ni kazi nzuri, naweza kusema bora kuliko ile ya msikiti wa Kasongo.

Usiku huu Amisa amenisugua lami mikononi kwa mafuta ya taa. "Leo hukusema sana," alisema.

16 Machi

Sikio limevimba.

21 Machi

Siku tano jua. Kila mtu anafurahia isipokuwa mimi, nataka kujua paa langu.

22 Machi

Mvua ya mchana, kubwa, ya mwisho pengine. Amisa alikwenda kwa Godelieve na chumvi, kuangalia kama panavuja. Alirudi amelowa, macho mekundu yeye mwenyewe. Alisema hapavuji hata tone. Sufuria iko kitandani, tupu, kimya. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akasikia, akarudi na chumvi yake. Akaniambia alichosikia.

Siandiki.

24 Machi

Kalombo alikuja leo. Alikaa kwenye kigoda alichokuwa anakalia mdogo wake, na Amisa akampa chai. Alizungumza juu ya mvua, akazungumza juu ya mahindi, akazungumza juu ya mgeni wa Lubumbashi ambaye hakuja.

"Tata Swedi," alisema mwishowe. "Banasema Amisa alipita pale, siku ya mvua."

"Anapitaka kila siku."

"Alilia?"

"Nani?"

"Mi nataka tu kujua."

Nina habari ambayo mtaa mzima ungenunua. Miezi minne Kolwezi nzima imeingojea, nami ndiye mwenye kinywa kikubwa kuliko wote. Ilikuwa pale juu ya ulimi.

"Uniulize bei ya makaa ya Mutshatsha, nitakuambia," nilimjibu. "Ile yake siuzi."

Nilidhani atakasirika. Akatazama ngazi, imerudi ukutani pale pale. Nikamsoma uso, na safari hii nilisoma polepole, kwa sababu nimeshajua ninavyokosea. Haukuwa uso wa mtu anayetafuta ushahidi. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kuambiwa kwamba kulia kunaruhusiwa.

"Na weye, yaya?" nilimuuliza. "Nani alikukataza?"

"Mi siko na kitu ya kulia," alisema Kalombo. Akakohoa mara mbili. Akavuta sikio lake la kushoto.

Nikainuka. Nikaenda kwenye kamyo, nikaiwasha, nikaiacha ingurume pale pale uani kwa nguvu zake zote, ili majirani wasisikie kitu kingine kutoka kigodani kwake. Amisa alitoka jikoni akapiga kelele kuniuliza naenda wapi. Nikamwambia siendi popote, napasha injini moto.